Siku Tano za Kufuata Mawe

Siku ya kwanza: ramani, na swali la mzee

Tumefika saa tisa alasiri, vumbi hadi kwenye kope, mimi na mpwa wangu wa miaka 16 aliyeapa kwamba safari hii haondoki bila dhahabu. Nimemwacha na ndoto yake. Tumekuja kutafuta madini na visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale ndani ya mwamba. Mizigo yetu ni nyundo moja ya mawe, tindo mbili, miwani ya kinga, kioo cha kukuzia mara 10, sumaku ndogo, chupa ya siki, kipande cha kigae, magazeti ya zamani ya kufungia, na daftari. Nyundo ya seremala tumeiacha makusudi. Ukiipigia jiwe gumu chuma chake humeguka na kuruka vipande, na jicho halina akiba.

Kazi yenyewe ilianza wiki mbili kabla ya kupanda gari. Nilitafuta ramani ya jiolojia ya eneo hili, ile ambayo kila rangi ni aina ya mwamba na umri wake, nikaiweka kando ya picha za setilaiti. Visukuku hukaa kwenye miamba tabaka, iliyotokana na tope, mchanga na chokaa vilivyotulia chini ya maji, kwa hiyo maeneo yote ya itale na lava niliyatoa kwenye hesabu ya visukuku siku ileile. Kwa madini mambo ni mengine. Hapo nilisaka mipaka, pale rangi mbili zinapokutana, kwa sababu uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka ukipenya kando ya mwamba wa chokaa huupika na kuacha madini ambayo hayakuwepo. Nikatia alama sehemu 9.

Hadi jioni ya leo 4 zimekufa. Moja imemezwa na vichaka, moja ni shamba lililolimwa mpaka ukingoni, moja imejengwa nyumba, na moja imo ndani ya hifadhi ambako huruhusiwi kuokota hata kokoto. Ramani inajua kuna mwamba gani chini ya miguu yako. Kama mwamba huo unaonekana au umefunikwa na mita tatu za udongo, hilo utalijua mwenyewe ukifika.

Kabla ya kugusa chochote tulikwenda kujitambulisha. Katika nchi nyingi mtu anaweza kumiliki shamba huku madini yaliyo chini yake yakiwa mali ya serikali, na mifupa ya kale mara nyingi ina sheria yake ya pekee. Ruhusa basi huwa mbili, wakati mwingine tatu. Za ofisini tulishamaliza. Leo ilikuwa zamu ya wenye ardhi. Mzee aliyetupokea alisikiliza maelezo yangu marefu bila kunikatiza, kisha akauliza:

"Mawe yamejaa kila mahali. Ninyi mnataka yapi?"

Sikuwa na jibu la maana. Nikababaika, nikasema tunataka mahali ardhi ilipofunguka.

"Basi usitafute mawe, mwanangu. Tafuta wachimbaji."

Akaanza kuhesabu kwa vidole: aliyechimba kisima mwaka huu, wanaoponda kokoto, waliopasua kilima kupitisha barabara, mto, na mchwa. Kwenye mchwa mpwa wangu alicheka. Mzee hakutania. Mchwa hupandisha chembe za udongo kutoka chini sana, na watafutaji wa almasi kusini mwa Afrika wamekuwa wakichunguza vichuguu kutafuta chembe za ganeti na madini mengine yanayoandamana na almasi. Usiku huu nimefuta alama zangu zote isipokuwa mbili, na orodha nimeiandika upya kwa vidole vya mzee.

Siku ya pili: mtoni

Mto umepungua, na hiyo ndiyo bahati yetu. Ukingo mzima wa changarawe uko wazi. Tulianzia upande wa ndani wa kona, ambako maji hupunguza mwendo na kutua mzigo wake. Upande wa nje maji hukimbia na kula ukingo, huko utapata ukuta wa udongo tu.

Saa moja ya kwanza tuliokota kila kinachong'aa. Nawajua watu waliokusanya mawe miaka 20 bila kutoka kwenye hatua hiyo, wala siwacheki, kwa sababu jiwe lililolowa maji hudanganya vizuri mno. Likikauka ni la kijivu kama wenzake. Halafu mpwa wangu akaniletea kokoto la ukubwa wa kidole gumba, lina mng'ao wa nta, ngozi yake ina vijishimo kama ganda la chungwa. Nililiinua kuelekea juani. Mwanga ukapenya, na ndani yakaonekana mapete membamba, ya hudhurungi, ya maziwa, tena ya hudhurungi, yamepangana kama pete za mti. Akiki.

"Ni ghali, mjomba?"

Nikamwambia tulipime kwanza. Kisu hakikulikwaruza hata kidogo. Lenyewe lilikwaruza kipande cha chupa na kuacha mchirizi mweupe uliohisika kwa ukucha. Kipimo cha ugumu alichokitoa Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812 kina ngazi 10, kuanzia ulanga laini wa talki hadi almasi. Ukucha uko karibu na 2.5, chuma cha kisu na kioo cha dirisha karibu na 5.5, na kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga, 7. Akiki ni kwatzi ya chembe ndogondogo, kwa hiyo tulichokiona ndicho tulichotarajia.

Sasa ndipo safari ikaanza, maana kokoto la mtoni ni msafiri. Limetoka wapi? Akiki nyingi hujengeka ndani ya matundu yaliyoachwa na mapovu ya gesi kwenye lava, na ramani ilionyesha kilima cha basalti, lava nyeusi iliyoganda, mbali juu ya mto. Lakini mto huu una mikono miwili. Tulipofika makutano tulikaa chini kila upande tukahesabu kokoto 100, bila kuchagua. Mkono wa kulia ulitupa itale na kwatzi nyeupe, basalti hakuna kabisa. Wa kushoto ulikuwa na basalti 34 na kipande kimoja cha akiki. Tukaenda kushoto. Kazi ya namna hii inachosha na haina picha nzuri ya kumpigia mtu, ila ilituokoa nusu siku ya kutembea bure.

Kadiri tulivyopanda, kokoto zilibadilika umbo. Chini zilikuwa mviringo, laini kama mayai. Juu zikaanza kuwa na pembe. Jiwe lenye pembe halijasafiri sana. Yapata saa nane akiki zikakoma ghafla, hatua 200 zikapita bila hata moja, na hiyo ilikuwa habari njema kuliko kuzipata: tumepita chanzo. Tukarudi taratibu tukitazama kingo badala ya mchanga. Kipo, upande wa kushoto, nyuma ya mizizi. Basalti iliyooza hadi kuwa kama udongo wa kijani na kahawia, imejaa matundu, na katika matundu mengine akiki bado zimekaa kama meno kwenye ufizi. Zilitoka kwa vidole. Nyundo haikutoka begini siku nzima.

Moja ilikuwa nyepesi kuliko ukubwa wake. Hiyo tuliifunga peke yake, kwa sababu jiwe jepesi kupita kiasi huenda lina uvungu, na uvungu huenda una fuwele.

Na sasa kosa, la kwangu mwenyewe. Furaha ilinipanda, nikatia za ukingoni, za makutano na za kona ya asubuhi katika mfuko mmoja. Hakuna lebo, hakuna karatasi. Jioni hii nimezimwaga mezani, vipande 23, na siwezi kuapa ni kipi kimetoka wapi. Mpwa ananiangalia kwa heshima ambayo ningependa ipungue kidogo.

Siku ya tatu: machimbo ya kokoto

Msimamizi wa machimbo alitukubalia kwa masharti: kofia ngumu, kukaa mbali na ukuta, na kuishia kwenye lundo la mawe yaliyokataliwa. Ningeyaweka masharti hayohayo mwenyewe. Ukuta uliolipuliwa juzi hauna adabu, huangusha jiwe bila kuaga. Mashimo ya zamani yaliyoachwa ni mabaya zaidi, kwa sababu hewa ndani yake yaweza kuwa imeharibika na huioni wala huinusi. Humo hatuingii.

Mwamba hapa ni wa chokaa. Tone la siki juu ya jiwe lilitoa povu hafifu, la kuonekana kwa kioo cha kukuzia tu. Tulipokwaruza kwanza na kudondosha siki juu ya unga, likachemka waziwazi. Siki haifanyi hivyo kwenye kwatzi, na kwa jaribio hilo la sekunde tatu utatenganisha mawe meupe mawili ambayo macho pekee yatayachanganya kila siku.

Wapondaji kokoto wanajua kuliko ramani yangu. Nilimwonyesha mmoja wao picha ya kalsaiti, madini yanayojenga mwamba wa chokaa, akaniita kwenye kibanda, akatoa dirishani kipande cha ukubwa wa kiberiti. "Hiki sisi tunakiita kioo," alisema. "Ukikipiga, kinavunjika vilevile kila mara." Na kweli. Kalsaiti hupasuka kwa pande tatu zilizoinama, na vipande vyake, vikubwa na vidogo, huwa na umbo lilelile la boksi lililosukumwa likalala upande. Niliweka kipande hicho juu ya neno "mto" kwenye daftari langu. Yakatokea maneno mawili, moja juu ya jingine, limesogea kidogo. Nikakizungusha: neno moja likatulia, la pili likalizunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mwanga ukiingia kwenye kalsaiti safi hugawanyika njia mbili. Nimeisoma habari hiyo miaka mingi, lakini leo ndiyo mara ya kwanza niliyoifanya kwa mkono wangu, na niliifanya labda mara kumi na tano. Alituelekeza kona ya lundo ambako "vioo" hutupwa kwa sababu haviuziki kama kokoto.

Kwenye lundo hilohilo nikajiaibisha. Nilipasua ubao wa chokaa, na juu ya uso wake mlikuwa na kangaga dogo jeusi, zuri ajabu, tawi likitoa tawi. Nilipiga kelele. Niliandika daftarini "kisukuku cha kangaga", nikapigia mstari. Mpwa akachukua kioo cha kukuzia, akanyamaza kitambo.

"Mjomba, jani hili halina mshipa wa katikati."

Halikuwa nao. Matawi yalianza ukingoni, penye ufa, yakaenea ndani yakipungua unene, na kwenye ufa mwingine ulioukata ubao kwa upande yalikuwepo mengine yaleyale. Jani halioti kufuata ufa. Jani hulala pamoja na tabaka lake. Hii ilikuwa oksidi ya manganizi, iliyopenya na maji kwenye nyufa na kuganda kwa umbo la matawi. Imewadanganya wengi kabla yangu. Nimeukata mstari daftarini lakini sikuyafuta maneno, na ubao nimeuchukua. Ni mzuri kwa haki yake.

Njiani kurudi tulisimama pale barabara ilipokata kilima. Tuliegesha mbali na kona, mmoja akiangalia magari, mwingine mawe. Tabaka zimelala kama vitabu kwenye rafu, za chini ndizo za zamani zaidi, isipokuwa ardhi iwe imepinduliwa. Mwingereza William Smith alijifunza kazi yake hivi. Alikuwa mpimaji wa mifereji, na wafanyakazi walipokuwa wakichimba aliona kila tabaka lina visukuku vyake ambavyo tabaka jingine halina. Mwaka 1815 akatoa ramani kubwa ya jiolojia ya Uingereza. Naye alifuata wachimbaji.

Siku ya nne: mvua

Imenyesha tangu alfajiri. Mto umepanda na hatukaribii. Mto uliojaa mvua ya mbali huja kama ukuta.

Tumeandika lebo. Kila jiwe lina namba, na kila namba ina tarehe, mahali, latitudo na longitudo kutoka kwenye simu, aina ya mwamba lilimotoka, na kama lilikuwa mahali pake au limebiringika. Namba inaandikwa kwa wino juu ya doa dogo la rangi nyeupe nyuma ya jiwe, kwa sababu karatasi hupotea. Akiki tumezisugua kwa mswaki. Vipande vya mwamba wa tope vilivyotoka kwenye mkato wa barabara hatujavitia maji. Kimoja nilikitia kwa kiburi, kikabomoka kama biskuti ndani ya dakika chache.

Dhahabu pia imepatikana, dakika mbili hivi. Mpwa aliokota jana jiwe lenye chembe za manjano, akalificha hadi leo. Tukalikwaruza nyuma ya kigae, pale pasipopakwa rangi. Dhahabu huacha mchirizi wa manjano. Hili liliacha mweusi wenye ukijani. Pairaiti, madini yanayofanana na dhahabu. Alikaa kimya, kisha akaomba kigae akajaribu kila jiwe lililokuwepo mezani, na jiwe zito la kijivu likaacha mchirizi mwekundu kama damu iliyokauka, hematiti, madini ya chuma. Hilo likampendeza kuliko alivyotarajia.

Mvua siilaumu. Mary Anning, mtafuta visukuku wa Lyme Regis huko Uingereza, aliutembelea ufuo baada ya dhoruba, majabali yalipoporomoka na kufunua vilivyokuwa ndani. Yeye na kaka yake ndio waliopata, mwaka 1811 na 1812, mifupa ya mnyama wa baharini aliyekuja kuitwa iktiosauri. Maji ni mchimbaji asiyelipwa.

Siku ya tano: korongo

Tumetoka kabla jua halijachomoza. Korongo limechongwa kwenye mwamba wa tope na mchanga, halina jani, na jana maji yamelifagia. Jua la asubuhi likiwa chini hupiga kwa upande, na kila kitu kilichochomoza hata milimita hutupa kivuli. Saa sita mchana korongo hilohilo huwa tambarare machoni.

Tulitembea tumeinama, mita mbili mbili, kimya. Kwanza tukaona kombe, zile ndogo zenye mistari, nyingi mno hata tukaacha kuokota baada ya sita. Halafu jani, na safari hii jani la kweli, limelala na tabaka, mshipa wa katikati upo, na mishipa midogo ikitoka pembeni kwa mpangilio. Tulilichukua pamoja na upande wake wa pili, maana mwamba ukipasuka kisukuku hugawanyika, nusu chapa na nusu tundu, na vyote viwili ni kitu kimoja.

Karibu na saa tatu mpwa aliokota kitu cha kahawia, kama kipande cha mti. Chini ya kioo cha kukuzia kilikuwa na vitundu vya sifongo. Kabla sijamzuia alikigusisha ulimi. Kikanata. Wakusanyaji wa zamani hufanya hivyo: mfupa wa kale una vinyweleo vinavyofyonza unyevu, jiwe la kawaida halishiki. Sikushauri, hujui nini kimepita juu yake, lakini kilinata na sote wawili tulikiona kikining'inia.

Vipande vingine vilitawanyika mteremkoni. Tukafanya kama mtoni: tukapanda tukivifuata hadi vilipokoma, tukarudi hatua chache. Hapo, katika tabaka la mchanga, mfupa umechomoza kama kiwiko. Unene wake unanizidi mkono.

Mpwa aliitoa nyundo. Nikamwomba airudishe.

Ndilo jambo gumu kuliko yote katika safari hii, na sitajifanya halikuniuma. Mfupa uliotolewa bila kupimwa unapoteza tabaka lake, jinsi ulivyolala, na vilivyokuwa kando yake, na vitu hivyo ndivyo vinavyosema umri na maisha ya mnyama. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa imejitokeza ardhini Tendaguru, karibu na Lindi. Habari zikapelekwa, na kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yakafukua huko tani kwa tani za mifupa ya dinosauri, kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika. Mjadala wa mifupa ile ilistahili kukaa wapi haujaisha hadi leo. Ninachojua ni kwamba ingegongwagongwa na mpita njia mwenye nyundo, kusingekuwa na cha kujadili.

Tulipiga picha na nyundo kando yake kama kipimo, picha ya karibu na ya mbali, tukaandika mahali, tukaufunika mfupa kwa udongo uleule, na vile vipande vidogo tukavirudisha vilipokuwa. Kisha tukaenda kwa mzee kumweleza kabla ya kupeleka taarifa makumbusho. Hakushangaa. Alisema anaujua, tangu utotoni.

"Mbona hukutuambia, babu?" mpwa akamuuliza.

"Mliniuliza mawe."

Jioni, kabla ya kufunga mizigo, nilimwaga tena zile akiki 23 zisizo na kwao. Ile nyepesi haimo, ilikuwa imefungwa peke yake, hiyo inajulikana, tutaipasulia nyumbani. Kati ya 23, nilizirudisha mtoni 22, pale kwenye kona. Moja iliyobaki aliiomba mpwa, ile ya kwanza, ya mapete. Lebo yake ameiandika mwenyewe kwa herufi ndogo: "Namba 61. Akiki. Nililiokota mimi, mjomba akalichanganya."